Ampli ya Mwepu na Sanduku la Mama Mkwe

Jumatatu, 26 Mei 1975

Gundi haijakauka. Kiangazi cha huku kimeingia na baridi yake, na gundi haipendi baridi. Nimeisogeza ampli ya Mwepu, sanduku la kukuza sauti ya gitaa, karibu na mbabula, jiko la makaa, moto kidogo tu. Upande wa kushoto simili imeshika vizuri, ngozi ya bandia lakini ukiipigia brashi mtu hajui. Upande wa kulia imevimba kama andazi. Nimebandua, nimekwangua, nimepaka upya.

Ampli ya tano hii tangu nianze kazi hizi za alasiri. Asubuhi navisha viti vya malori kwenye karakana ya kampuni. Viti havina shukrani, watu wanavikalia tu. Ampli ina uso. Ya ndani simo, lampu na nyaya ni za fundi wa umeme. Mimi navisha.

Mwepu ndiye mpiga gitaa na mkubwa wa orkestra. Kaniletea pamoja na picha yake ya 1958: kijana mwembamba, suruali pana, ameweka mguu juu ya ampli ikiwa mpya. Anaitaka vile vile. Picha haina rangi. Nikamuuliza kitambaa cha mbele, kile kinachofunika spika, kilikuwa cha rangi gani. Kafikiri sana. "Rangi ya mukate ya moto," akasema. Haya.

Mama mkwe bado yuko nasi. Wiki ya tatu. Ametoka upande wa Mweka kwa treni, siku nyingi njiani. Macho yake yamefunikwa na utando mweupe, anaona mwanga na kivuli, basi. Madaktari watampasua. Amekuja na sanduku la bati, halisogezwi na mtu. Mama Kwete, mke wangu, kampa chumba cha watoto. Desturi naifuata: simtazami usoni, sili mbele yake, silitaji jina lake, sigusi kitu chake. Maneno yetu yote yanapita kwa Mama Kwete. Kabla ya kuingia uani nakohoa ili tusikutane ana kwa ana. Siku nzima nakohoa. Jirani kaniuliza kama nimepima kifua.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna kitambaa Kolwezi nzima. Duka la yule Mgiriki lilikuwa nacho, marobota mawili, nilikiona kwa macho yangu. Sasa serikali imempokonya, duka limepewa mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya ana rafu tupu na viberiti.

Nimejaribu gunia la kahawa. Nimejaribu pazia. Pazia likikaa mbele ya spika linabaki pazia. Kipimo changu ni rahisi: naweka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, napuliza. Pumzi ikipita, sauti itapita. Gunia linapitisha, lakini sura yake ni ya sokoni. Chandarua kinapitisha na kuonyesha kila kitu, kama mtu aliyesahau shati.

Mwepu anaitaka Jumatatu. Ana safari ya kupiga muziki Kasaji, kisha harusi kubwa hapa Dilala tarehe 14. Nimemwambia kitambaa kiko njiani. Hakuna kitu njiani.

Jumamosi, 31 Mei

Nimefungua sanduku la mama mkwe.

Naandika hivyo, wazi, nisije kesho nikajisimulia vingine.

Walikuwa wamekwenda hospitali kupima macho. Nyumba tupu. Wiki iliyopita Mama Kwete alianika vitu vya sanduku juani, nami nilipita nikakohoa, nikaona. Rafia, nguo inayofumwa kwa nyuzi za makuti ya mwale. Vipande vingi vimeunganishwa kuwa nguo moja ndefu, ya kuzungushwa kiunoni mara nyingi. Vingine vina manyoya mafupi, laini. Kimoja cha katikati ni chepesi, hakina manyoya, kimetobolewa vitundu vidogo vilivyopangwa kwa mistari inayopishana. Rangi ya mkate wa moto. Nilikwenda zangu siku ile, lakini kichwa kilibaki pale.

Leo nilikiweka mdomoni nikapuliza. Pumzi ilipita yote.

Nilikata mshono pande mbili nikakitoa. Vile vilivyobaki nikaviunganisha, mshono wangu mzuri wa kiti, usioonekana. Nikakunja kama ilivyokuwa imekunjwa. Niliyojiambia wakati ule ni matatu. Ni kipande kimoja tu. Nguo ni ndefu. Haoni.

Hilo la tatu ndilo lililonitia nguvu mikononi.

Jumatatu, 2 Juni

Imekwisha. Pembe za shaba nimezisugua kwa majivu na limau mpaka zinacheka. Kamba nyeupe ya pembeni ilikuwa mpya mno, nikailowesha kwenye chai iliyokolea, sasa ni ya 1958. Kitambaa nimekikata kikae sawa kwenye fremu, nikakivuta, misumari midogo pande zote, gundi kali ya viatu chini yake. Kimetulia kama kilizaliwa hapo.

Mwepu alisimama mbele yake. Akatoa picha mfukoni, akailinganisha, akafuta macho. Akaniuliza kitambaa nimekipata wapi.

Nikasema kimetoka Ubelgiji.

Majirani walikuja kuangalia. Wamesema nina mikono. Nimefurahi siku nzima. Nalikiri hilo pia.

Alhamisi, 5 Juni

Hospitali imetoa siku. Tarehe 19, Alhamisi, wiki mbili kutoka leo.

Mama Kwete aliniambia wakati tunakula, mimi na yeye. Akaongeza kwamba mama yake ametulia, haogopi, kwa sababu nguo yake iko naye. Nguo gani. Ile ya sandukuni. Nikauliza ni ya nini, na sauti yangu ilikuwa sawa kabisa, nilishangaa.

Ni ya kuzikiwa. Kwao mtu akifa anavishwa rafia. Asipovishwa, wafu wake wa zamani wanamwona anakuja na hawamtambui, anabaki amesimama kama mgeni. Ndiyo maana ameibeba mpaka huku: kama kisu kitamkataa, awe tayari. Na haikushonwa na mtu mmoja. Kila kipande kina mwanamke wake: mama yake, shangazi, binamu. Cha katikati ni cha mdogo wake, aliyekufa kabla hajazaa. Hakuacha mtoto. Aliacha kipande.

Nikasema nimeshiba. Sahani ilikuwa imejaa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimetoka kazini mbio mpaka kwa Mwepu. Mlango umefungwa. Wamepanda treni ya Kasaji asubuhi hii, watu wote na vyombo vyote. Kurudi ni tarehe 13, jioni.

Kwa hiyo mdogo wa mama mkwe yuko Kasaji, amepigiliwa misumari kwenye sanduku la muziki. Mimi ndiye niliyempigilia.

Jumanne, 10 Juni

Nimezunguka sokoni nikitafuta rafia. Mikeka. Mifuko. Mama mmoja mwenye kofia za rafia akaniuliza nataka nini hasa, nikaenda zangu. Hata ningepata, ningefanya nini? Kuweka cha uongo mahali pa cha kweli? Nilifikiri hivyo kwa dakika nzima, na dakika nzima nilikuwa nakubali.

Mchana mama mkwe kaniletea chakula. Sombe, majani ya muhogo, na karanga, kwa mkono wa Mama Kwete, na ujumbe. Anasikia nyundo yangu kila alasiri, anapenda. Anasema binti yake ameolewa na mtu wa mikono, mtu wa kimya, si wale wa maneno mengi.

Nimekula yote. Kuacha kungezua maswali. Sombe ilikuwa tamu, nami nimejichukia mpaka tonge la mwisho.

Jumamosi, 14 Juni

Jana jioni orkestra walichelewa kurudi. Leo asubuhi nimefika kwa Mwepu, vyombo vimeshapelekwa harusini. Nikajisemea, baada ya harusi. Kesho nakitoa. Siku nne kabla ya kisu. Inatosha.

Sikujua mama mkwe amealikwa. Mama wa bibi harusi ni mtu wa kwao.

Wameingia saa tisa, Mama Kwete amemshika mkono. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nikageuza kiti nisimwone usoni. Akaomba akalishwe mbele, karibu na muziki, kwa kuwa haoni na masikio ndiyo yanayomlisha. Wakamweka mbele kabisa. Kati yake na ampli hapakuwa na hatua mbili.

Mwepu alianza kwa kusifu ampli. Alishika kipaza sauti, akawaambia watu waangalie kitambaa. "Munaona? Rafia! Ni kitu ya kwetu. Authenticité, ba tata na ba mama!" Ndilo neno la serikali siku hizi, turudi kwenye asili yetu. Kumbe alikwisha kujua si cha Ubelgiji. Watu wakapiga makofi. Wengine wakanigeukia mimi, fundi, wakanipigia na mimi.

Katika wimbo wa pili mama mkwe alinyoosha mkono kutafuta sauti inatoka wapi. Vidole vikafika kwenye kitambaa. Niliona vikisimama. Halafu vikaanza kutembea, polepole, kitundu kwa kitundu, mpaka pembeni, mpaka kwenye misumari. Vikarudi katikati. Watu walidhani bibi kizee amelewa gitaa, wakashangilia. Mmoja akamfunga leso mkononi kwa furaha. Mwepu akainama akampigia yeye peke yake, vizuri sana, sijawahi kumsikia akipiga vile.

Mkono haukutoka. Wimbo mzima. Kitambaa kilikuwa kinatetemeka chini ya vidole vyake.

Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko. Wanawake wa vyungu waliniona. Nilijifanya natafuta maji.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe amekwenda misa. Amerudi. Hata Mama Kwete hajaambiwa kitu, nimemtazama usoni na kuona hajui. Alichokifanya mama mkwe ni kimoja: ameomba sanduku lisogezwe karibu na mkeka wake. Mchana kutwa nimesikia kifuniko cha bati kikifunguliwa na kufungwa.

Sijakohoa leo. Nimekaa karakana yangu ya uani, sikuingia kabisa, wala kwa Mwepu sikwenda. Mtu anayejificha hana haja ya kukohoa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Mama Kwete. Nilianza kwa kueleza duka la Mgiriki, rafu tupu, Mwepu na haraka zake. Akanikata.

"Uliingiza mukono mu malle ya mama?"

Ndiyo, sandukuni.

"Na ulijua haoni?"

Hakungoja jibu. Alikaa chini mlangoni, akafunika kichwa kwa kitenge chake. Aliponyanyuka alisema mambo mawili. La kwanza, mbuzi, kwa sababu nimevunja ukwe, na mbuzi huyo nimlete mwenyewe kwa kamba mchana watu wakiona. La pili, kitambaa. Kabla ya Alhamisi.

Kisha akaniambia hatalala chumba kimoja na mimi. Sawa. Hata mimi nisingependa.

Jumanne, 17 Juni

Mwepu kwanza alicheka. Akadhani namtania. Nilipomaliza alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Nguo ya mufu? Na mi napigaka gitaa mbele yake wiki mbili?"

Hakuna mwanamuziki aliyekubali kuishika. Walitoka wote nje wakaniachia chumba. Niling'oa misumari mmoja mmoja. Gundi ya viatu ni kali, ndiyo sababu niliichagua. Nilitumia mvuke wa birika, kisu chembamba, saa mbili. Katikati kimetoka kizima. Pembeni hapana. Pande zote nne, upana wa vidole viwili, nyuzi zimekuwa ngumu na nyeusi. Kinanuka bia na moshi wa sigara.

Nilimwomba Mwepu msamaha. Kazi yake ya 1958 imebaki na shimo usoni. Akasema niweke gunia. Akasema kingine pia, akiwa bado mlangoni hataki kuingia: kwamba harusini alidhani yule mama analia kwa sababu ya gitaa lake, na amewasimulia watu wote. Akaniomba nisimwambie mtu ukweli. Kumbe kila mtu ana kipande chake cha kuficha.

Jumatano, 18 Juni

Nimemvuta mbuzi kutoka sokoni mpaka nyumbani. Mweupe, mwenye doa. Watu wa mtaa wameona. Mbuzi alilia njia nzima, akaniokoa, kwani mimi nilitakiwa kueleza na yeye akawa anaeleza.

Mama Kwete kampelekea mama yake kitambaa kwenye sinia. Mimi nje, mgongo kwenye ukuta wa chumba, dirisha juu ya kichwa changu. Nikasikia mama mkwe anakinusa.

Ujumbe ukaja. Mbuzi amepokewa. Kitambaa kirudi mahali pake leo, na kishonwe na mkono ule ule uliokikata. Akatuma sindano yake na uzi wake wa rafia, alioubeba kwa ajili ya kuziba.

Tumefanya hivi. Pazia mlangoni. Yeye ndani, mimi nje, nguo imepita chini ya pazia, nusu kwake, nusu kwangu. Nimefumua mshono wangu mzuri wa kiti. Nimekata kingo zilizoharibiwa na gundi. Kipande kimekuwa kidogo, nikajaza pengo kwa uzi wake, nikifuma kama ninavyoziba kiti kilichochanika, maana sijui kingine. Kila nilipomaliza upana wa kiganja kimoja, nguo ilivutwa ndani. Vidole vilipita. Ikarudishwa. Hivyo mpaka jioni; kazini sikwenda, wacha waniandike.

Jua lilipoinama nikafunga uzi. Ikavutwa ndani, haikurudi. Kisha akasema, na safari hii sauti haikupita kwa Mama Kwete, ilikuja yenyewe hadi kwangu.

"Mudogo yangu ataniuliza: ni nani alishona hapa? Nitamujibu: ni mukwe yangu."

Basi. Nilikaa pale na sindano mkononi. Sikujua kama nimesamehewa au nimeshtakiwa. Watanijua, wale wafu wote, kwa mishono yangu. Hata kabla sijafika.

Alhamisi, 19 Juni

Wamempeleka asubuhi. Nguo imekwenda naye, sanduku limebaki wazi. Nilikuwa kwenye baraza la hospitali, mbali, kama inavyotakiwa. Mama Kwete ametoka saa saba. Yuko hai. Macho yote mawili yamefungwa bendeji.

Nimelia nyuma ya magari ya wagonjwa. Dereva mmoja akanipa sigara akidhani nimefiwa.

Jumanne, 24 Juni

Gunia la kahawa liko kwenye ampli ya Mwepu. Nimelifua mara tano, nimelitia chai, nimelinyoosha kwa pasi ya makaa. Haliwi mkate. Mwepu ameliona akasema sawa. Sauti inapita. Nilimuuliza kama anataka nitafute kingine, akaniangalia, nami nikafungasha vifaa vyangu.

Mama Kwete amerudi chumbani. Bado anasema na mimi maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, watoto.

Jumamosi, 19 Julai

Bendeji zimeondolewa zamani, leo wamempa miwani. Mizito, kama vitako vya chupa. Mama Kwete anasema alitazama mikono yake mwenyewe kwanza, akashangaa ilivyozeeka. Kisha kuku. Kisha akaomba nguo.

Nilikuwa uani nakazia kiti cha jirani. Nikasikia nguo inakunjuliwa. Nikaacha nyundo.

Amekaa nayo mlangoni, juani, mpaka kivuli kikahama. Mimi nimetazama kiti. Sikukohoa, anajua niko wapi.

Mama Kwete kaniletea nguo imekunjwa, na sindano juu yake, na uzi. Mama yake amesema sasa ameona. Mishono ni mirefu mno, imekwenda upande, na yeye hataki mdogo wake amcheke. Nifumue. Nianze tena, taratibu, yeye haondoki kesho.

Nimeosha mikono. Nimefumua yote. Nimeshona kiganja kimoja mpaka jua linazama, mishono midogo, nikakipitisha chini ya pazia nikangoja.